Mbio za jangwani: Jinsi ya kujiandaa na kuchangia maji Kitui na Makueni

KILA mwaka, wakati wa majira ya kuchipua huko kaskazini, mamia ya watu kutoka pembe mbalimbali za dunia hukusanyika kusini mwa Moroko, wakabeba chakula chao mgongoni na kuingia katika jangwa la Sahara kwa miguu. Kwa muda wa wiki moja hivi hukimbia na kutembea takriban kilomita 250, wakilala katika mahema na kuamka alfajiri kuendelea na safari. Mbio hizo huitwa Marathon des Sables, jina la Kifaransa lenye maana ya marathoni ya mchanga.

Wengi wao hawaendi kutafuta ushindi. Huenda kwa sababu wamewaahidi jamaa, marafiki na wafanyakazi wenzao kwamba watavumilia jua na mchanga iwapo hao nao watatoa chochote kwa ajili ya hospitali, shule au mradi wa maji. Desturi hii ya kukimbia kwa ufadhili imeenea sana Uingereza na Ulaya kwa jumla, na Wakenya pia wameizoea kwa namna yao.

Makala haya yamekusudiwa kumfaa Mkenya anayefikiria kujitosa katika mbio za aina hiyo na kuchangisha fedha kwa ajili ya maji katika kaunti za Kitui na Makueni. Yanaeleza mbio zenyewe zilivyo, namna ya kujiandaa papa hapa Ukambani, na jambo ambalo husahaulika mara nyingi kuliko mengine: namna ya kuhakikisha kwamba shilingi iliyotolewa kwa jasho la mkimbiaji imefika mtoni ilikokusudiwa.

Asili ya mbio

Mwaka wa 1984, Mfaransa kwa jina Patrick Bauer alivuka sehemu ya Sahara nchini Algeria peke yake kwa miguu. Alitembea kilomita zipatazo 350 kwa siku 12, akiwa amebeba maji na chakula chake chote. Miaka miwili baadaye, mnamo 1986, alianzisha mashindano nchini Moroko yaliyokuwa na washiriki 23 pekee. Tangu hapo mbio hizo zimekuwa mfano unaoigwa na waandalizi wa mbio nyingine katika majangwa ya Gobi na Atacama.

Masafa hugawanywa katika hatua, moja kwa siku, na hatua ndefu kuliko zote huwa ya kilomita 80 au zaidi, ambayo wengi huimaliza usiku wa manane au siku inayofuata. Mshiriki hubeba chakula cha wiki nzima, begi la kulalia, dira, kipenga, kioo cha kuashiria, tochi ya kichwani, blanketi la dharura na kifaa cha kufyonza sumu ya nyoka au nge. Kanuni zimekuwa zikitaka mzigo huo uwe na uzani wa kilo 6.5 hadi 15 kabla ya maji, na chakula kisichopungua kalori 2,000 kwa kila siku. Waandalizi hutoa maji, mahema na matibabu. Kwa miaka mingi maji yaligawiwa kwa kipimo cha takriban lita 10 kwa siku, na aliyetaka zaidi ya haki yake aliadhibiwa kwa kuongezewa muda.

Msomaji atashangaa kwamba Kenya, nchi inayotawala marathoni za Berlin, Boston na London, haina jina kubwa katika mbio hizi. Waliotamba ni Wamoroko waliozaliwa na kulelewa jangwani. Lahcen Ahansal pekee alishinda mara 10. Hili halina maana kwamba Mkenya hawezi. Ukambani yenyewe imelea wakimbiaji mashuhuri, kama vile Benson Masya wa Kitui aliyetwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni mwaka wa 1992, na Patrick Makau wa Machakos aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:03:38 mjini Berlin mnamo 2011. Lakini kasi ya barabarani haitoshi jangwani. Huko hushinda anayejua kukanyaga mchanga, kubeba mzigo na kupangia maji yake, nayo ni mambo ambayo mtu wa kawaida anaweza kujifunza.

Kwa nini mchanga ni maji

Kitui na Makueni ni nchi ya misimu miwili ya mvua: ya Machi hadi Mei, na ya Oktoba hadi Desemba. Wakulima wa Ukambani hutegemea zaidi hiyo ya mwisho wa mwaka. Mito mingi, ikiwemo Tiva na Enziu upande wa Kitui na Kaiti na Thwake upande wa Makueni, hufurika kwa siku chache kisha ikabaki kuwa barabara pana za mchanga. Hata hivyo maji hayaishi yote. Mengine hujificha chini ya mchanga, na tangu jadi wakazi wamekuwa wakichimba visima vifupi katika mito hiyo, wakavizungushia miiba ili mifugo isiyachafue maji.

Bwawa la mchanga limejengwa juu ya ujuzi huo. Huchaguliwa mahali ambapo mwamba uko karibu chini ya mto, kisha hujengwa ukuta wa mawe na saruji kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, ukiwa umeshikamana na mwamba huo. Mafuriko yanapokuja, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta ilhali tope jepesi hupita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja hadi mitatu, nafasi yote hujaa mchanga. Katika kila lita 100 za mchanga huo, lita 25 hadi 40 zaweza kuwa maji. Jua haliwezi kuyakausha yaliyo chini sana, mbu hawapati pa kutagia, na mchanga wenyewe huyachuja. Aidha, kisima chenye pampu ya mkono huweza kuchimbwa kando ya mto, na ardhi ya ukingoni hubaki na unyevu wa kupandia mboga na miche.

Mabwawa ya aina hii yalijengwa Ukambani tangu enzi za ukoloni, katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1978 marehemu Joshua Mukusya na wenzake waliunda kikundi cha Utooni huko Kola, Machakos, kilichokuja kuwa mwalimu wa vikundi vingine vingi. Wakfu wa SASOL nao umesaidia wakazi wa Kitui kujenga mamia ya mabwawa tangu katikati ya miaka ya 1990. Nchini Uingereza, shirika la Excellent Development liliundwa mnamo 2002 ili kuunga mkono kazi ya Mukusya, na baadaye likachukua jina la Sand Dams Worldwide. Katika Makueni na Kitui, Africa Sand Dam Foundation ni miongoni mwa mashirika yanayoendeleza ujenzi huo.

Nyuma ya majina hayo yote iko mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya majirani kukusanyika na kufanya kazi ya mmoja wao au ya wote. Mwethya ndiyo inayochota mchanga, kuvunja mawe, kubeba maji ya kuchanganyia saruji na kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko juu ya kingo. Fedha za wafadhili hununua kile ambacho kijiji hakina: saruji, vyuma, usafiri na ujira wa fundi. Mchangishaji anayeielewa tofauti hii atajua kwamba hajengi bwawa. Analeta saruji kwa watu wanaojenga.

Kalenda ya mazoezi

Anayelenga mbio za Moroko za mwezi wa Aprili anahitaji miezi tisa hivi. Kwa bahati njema, kalenda ya hali ya hewa ya Ukambani inalingana na mahitaji yake.

Julai hadi Septemba ni majira ya baridi kidogo na ukavu. Huu ni wakati wa kujenga msingi kwenye barabara za murramu, kwa kukimbia mara nne au tano kwa wiki bila haraka. Asiyezidisha masafa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa wiki hupunguza uwezekano wa kuumia, na kila wiki ya nne yafaa kupunguza ili mwili upumzike. Kufikia mwisho wa Septemba, kilomita 50 kwa wiki zinatosha. Kabla ya yote haya, mtu apimwe moyo, shinikizo la damu na figo na daktari.

Oktoba hadi Desemba mvua hunyesha na mito hufurika. Wakati huo mkimbiaji aipande milima ya Mbooni na Kilungu katika Makueni, au vilima vinavyouzunguka mji wa Kitui. Kupanda hujenga mapaja na mapafu, na kushuka huyazoesha magoti mshtuko. Mzigo uanze kubebwa sasa, kilo tatu kwa kuanzia.

Januari hadi katikati ya Machi ndicho kipindi cha mchanga na joto. Mito imekauka na jua ni kali, hasa katika nchi tambarare za Kibwezi, Mutomo na Kyuso. Zoezi muhimu ni masafa marefu ya siku mbili mfululizo, kwa mfano kilomita 30 Jumamosi na 25 Jumapili, ili miguu ijifunze kuanza safari ikiwa tayari imechoka. Mzigo uongezwe hatua kwa hatua hadi ulingane na ule wa mashindanoni. Angalau mara mbili, atembee usiku kwa tochi akiwa na wenzake. Wiki tatu za mwisho ni za kupunguza masafa.

Ikumbukwe kwamba kutembea si aibu. Washiriki wengi wa mbio za jangwani hutembea sehemu kubwa ya njia, na nyuma ya wote hufuata ngamia, ambao mshiriki hatakiwi kuachwa nao. Kwa hiyo anayejiandaa ajifunze kutembea kwa kasi akiwa na mzigo. Wanaotaka kujipima kabla ya kujisajili wanaweza kushiriki mbio za Lewa, zinazoandaliwa tangu mwaka wa 2000 katika hifadhi ya wanyama ya jina hilo. Zina vumbi, vilima na jua, na fedha zake husaidia uhifadhi na jamii za karibu.

Kukanyaga mchanga, kuzoea joto

Mchanga humeza nguvu. Anayeusukuma kwa vidole vya mguu kama afanyavyo barabarani huzama na kuchoka upesi. Hatua ziwe fupi, mguu utue bapa, na inapowezekana akanyage nyayo za aliyetangulia. Katika mito yetu, mchanga wenye unyevu wa asubuhi ni mgumu zaidi kuliko ule wa mchana, basi aanzie ule na kuuendea huu wiki zinavyosonga. Viatu viwe vikubwa kidogo kuliko vya kawaida kwa sababu miguu huvimba, na vishonewe vifuniko vya kitambaa vya kuzuia chembe za mchanga. Malengelenge ya nyayo ndiyo yanayowafanya wengi watembee kwa mateso. Palipoanza kuchoma panapaswa kufungwa plasta papo hapo, wala si jioni.

Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi ya saa moja au moja na nusu ndani ya joto ili uzoee. Kiasi cha majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na kutoka kwa wingi, na chumvi inayopotea hupungua. Mabadiliko hayo hufifia katika wiki chache, kwa hiyo mkazi wa Nairobi au mji mwingine wa baridi afanye vyema kushuka Kibwezi au Mutomo karibu na siku ya kusafiri.

Kuhusu maji, njia rahisi ya kujua mahitaji ni mizani. Mtu ajipime kabla na baada ya kukimbia saa moja. Akipungua kilo moja, ilhali alikunywa nusu lita, ametoa lita moja na nusu ya jasho. Hatari iko pande mbili. Anayekunywa kidogo hupungukiwa na maji. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi huizimua chumvi iliyo katika damu, na hali hiyo yaweza kuleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa, degedege na hata kifo. Kwa sababu hiyo maji yaende pamoja na chumvi, ama kwa vidonge vya wanariadha, ama kwa mchanganyiko unaojulikana kliniki zote: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dawa za maumivu za aina ya ibuprofen ziepukwe wakati wa mbio ndefu za joto, kwani huweza kudhuru figo zilizokosa maji.

Chakula cha kubeba

Kila gramu itabebwa, basi chakula kichaguliwe kwa nguvu inayotoa ikilinganishwa na uzito wake. Njugu karanga hutoa karibu kalori 570 kwa gramu 100, na ni vigumu kupata chakula rahisi kinachozishinda. Maembe yaliyokaushwa, nyama iliyokaushwa, unga wa uji uliokwisha kupikwa na asali ya Mwingi katika vifuko vidogo ni vyakula ambavyo tumbo la Mkenya linavijua. Ndengu na muthokoi, kwa utamu wake wote, huhitaji maji mengi na moto wa muda mrefu, na heri vibaki nyumbani kwa ajili ya kumpokea msafiri. Chochote kitakacholiwa jangwani lazima kiwe kimeliwa mara nyingi wakati wa mazoezi, juani, baada ya saa nne au tano za mwendo.

Hatari zisizodharauliwa

Mwaka wa 1994 Mwitaliano Mauro Prosperi alipotezwa njia na dhoruba ya mchanga katika mbio za Moroko. Aliendelea kukimbia badala ya kutulia alipokuwa. Alipatikana siku tisa hivi baadaye, akiwa amevuka mpaka na kuingia Algeria, mwili umekonda kwa kiasi cha kutisha. Mnamo Oktoba 2021, mbio hizo zilipofanyika katika joto kali mno, mshiriki mmoja alifariki na karibu nusu ya walioanza hawakumaliza. Dalili za kupigwa na joto ni kuyumba, kusema ovyo, na ngozi kuwaka moto. Mgonjwa wa namna hiyo hupozwa kwanza kwa maji, kivuli na upepo, kisha ndipo atafutiwe usafiri.

Huku nyumbani kuna hatari zetu. Mto wa mchanga waweza kushuka ghafla kwa mafuriko hali mahali ulipo pana jua, kwa sababu mvua imenyesha milimani. Hakuna aliyesahau Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya na waumini lilipozama katika mto Enziu karibu na Mwingi na zaidi ya watu 30 wakaangamia. Karibu na mbuga ya Tsavo, upande wa Kibwezi na Ikutha, ndovu huvuka njia. Asikimbie mtu peke yake huko, wala alfajiri sana bila kuwauliza wenyeji.

Neno moja zaidi kuhusu adabu. Mchanga unaofanyia mazoezi ni kisima cha watu. Mkimbiaji apite mbali na vishimo vya maji na miiba iliyovizunguka, na akiwakuta akina mama na punda wao, wao ndio wenye njia.

Kuchangisha fedha

Wakenya hawahitaji kufundishwa harambee. Mbio za Mater Heart Run zimelipia upasuaji wa moyo wa watoto kwa miaka mingi. Mnamo 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya ilipita lengo lake la kwanza la Sh500 milioni kwa ajili ya waliokabiliwa na njaa, baadhi zikitumwa kwa M-Pesa. Mwaka wa 2012 Zack Kimotho aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu kuelekea Afrika Kusini ili kuchangia kituo cha waliojeruhiwa uti wa mgongo. Na mnamo Aprili 2014, Mkewe Rais wakati huo, Bi Margaret Kenyatta, alikimbia marathoni ya London kwa ajili ya kampeni ya Beyond Zero ya afya ya akina mama na watoto.

Lakini mbio za jangwani zina tatizo ambalo lazima lisemwe waziwazi, nalo ni gharama. Ada ya kushiriki, nauli na vifaa hufikia maelfu ya euro. Tuseme mkimbiaji anakusanya Sh800,000, na safari yake inagharimu Sh600,000. Gharama hizo zikitolewa katika mchango, ni Sh200,000 tu zitakazofika mtoni, ilhali waliotoa waliamini wamenunua saruji. Kanuni ya haki ni kuwa na mifuko miwili. Safari ilipwe na mkimbiaji mwenyewe au na mfadhili anayejua kwamba analipia safari, na mchango wa maji usiguswe hata kwa bei ya jozi moja ya viatu.

Asiyeweza kujilipia safari hana haja ya kukata tamaa, kwani jangwa si sharti. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui huziunganisha kaunti hizi mbili, ina urefu unaozidi kilomita 100 na jua la kutosha. Kikundi kinachoitembea kwa siku kadhaa, kikilala shuleni na makanisani kwa idhini, chaweza kukusanya fedha bila kulipa nauli ya ndege, na wanaochangiwa wakayaona mateso hayo kwa macho yao.

Sheria nayo izingatiwe. Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inataka kibali kabla ya kukusanya fedha kutoka kwa umma, na ofisi ya naibu kamishna wa kaunti ndiyo pa kuanzia kuuliza. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024 na inahusu mashirika yanayopokea misaada. Vikundi vya kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Pesa zipitie nambari ya malipo au akaunti ya shirika au kikundi, yenye watia saini zaidi ya mmoja, wala si simu ya mkimbiaji.

Maswali kabla ya kutoa

Mchangishaji, na hata yule anayeombwa mchango, ana haki ya kuuliza mambo yafuatayo.

Je, kikundi kimesajiliwa, na kimefanya kazi gani pamoja kabla ya fedha kutajwa? Kikundi kilichochimba matuta bila malipo kina uwezekano mkubwa wa kulitunza bwawa.

Je, mtaalamu ameukagua mto? Si kila mto unafaa. Panahitajika mwamba usio na nyufa na mchanga wa chembe kubwa. Mahali penye udongo laini, bwawa hujaa tope lisilotoa maji. Ukuta usipoingia vyema katika kingo, mafuriko huuzunguka na kuuacha ukiwa umesimama bure. Idhini za Mamlaka ya Rasilimali za Maji nazo zahitajika.

Je, nani atalinda mchanga? Bwawa ambalo mchanga wake unazolewa na malori usiku ni ukuta mtupu. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mnamo 2015 kwa sababu ya uharibifu huo, lakini sheria huhitaji wanakijiji walio macho.

Je, nani atachota, na kwa utaratibu gani? Njia ya kufika kisimani, ada ya kurekebisha pampu na nafasi ya wanawake katika kamati viamuliwe kabla ya jiwe la kwanza. Na je, taarifa ya matumizi itatolewa lini kwa waliochanga?

Kipimo cha mwisho

Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja lita 20 kwa mtu kwa siku, kutoka mahali pasipozidi kilomita moja, kuwa kiwango cha chini kabisa. Familia ya watu sita ambayo punda wake huleta mitungi minne ya lita 20 ina lita 13 na ushei kwa kila mmoja, za kunywa, kupikia, kuoga na kufulia. Mkimbiaji wa Sahara alipewa kipimo kinachokaribia hicho kwa wiki moja, kwa hiari yake, daktari akiwa karibu, na mwishoni akavishwa medali. Anayelikumbuka hili hataomba mchango kwa kujisifu.

Wakamba walizipa njaa zao majina. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nafa hali nimeshika. Watu walikuwa na pesa mkononi, lakini hapakuwa na chakula cha kununua. Jina hilo lingali onyo kwa kila anayechangisha. Fedha peke yake haziteki maji. Zinahitaji mwamba unaofaa, mawe yaliyobebwa na wenyeji, matuta yanayozuia tope, na kamati inayotoa hesabu. Mkimbiaji aliyeyahakikisha hayo kabla ya kufunga kamba za viatu amefanya sehemu iliyo ngumu zaidi ya maandalizi yake.